Kwa meli au kwa miguu

Limenikaa kooni, sitaki kusema uongo. Wiki hii mdogo wangu amejifungua salama (msichana, na ndiyo, kapewa jina la Mama), kazini wametuhamishia Shimanzi na meza yangu haina droo, lakini mimi bado nimesimama nje ya kanisa Rabai, Jumapili mchana, sahani ya pilau mkononi, mbele ya bibi mmoja niliyedhani amekuja kunipongeza.

Mnajua nilipewa kusoma historia kwenye ibada ya shukrani. Nilikwenda vizuri. Mmisionari Krapf kutua Mombasa mwaka 1844 na mwezi Julai wa mwaka huohuo kumzika Rosina mkewe, na siku chache baadaye kitoto chao kichanga. Mwenzake Rebmann kumfuata 1846, kisha wote wawili kupanda huku kwetu. Kila mlango mmoja wa historia, shukrani; kila shukrani, akina mama wa kwaya wanaitikia. Nilipofika kwa watumwa waliokombolewa nikatia langu, ambalo halikuwamo kwenye karatasi: kwamba mimi mwenyewe ni kilembwe cha waliokuja kwa meli kutoka India. Makofi, vigelegele, hata kasisi akatabasamu.

Halafu pilau.

“Shikamoo nyanya.”

“Marahaba. Wewe u wa mlango wa nani?”

Nikamtajia babu.

“Na nani kakwambia mlikuja kwa meli?”

“Baba.”

“Ah. Babako alikwambia.” Akatafuna kwanza. “Ninyi mlikuja kwa miguu, mwanangu.”

Kisha akaniomba nimletee kachumbari. Nikaenda kumletea! Niliporudi anazungumza na mwingine habari za mbuzi.

Kwa wasio wa huku: wa meli ni wale ambao manowari za Waingereza ziliwatoa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi waliteremshwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa 1875 kwa ajili yao, ng’ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kuna waliotangulia kupelekwa India, wakalelewa na misheni kule Nashik, wakafundishwa useremala, uhunzi na Kiingereza, ndipo wakarudishwa pwani kuwa walimu. Nyumbani kwetu hao ndio sisi. Ushahidi ni lile sanduku la msaji lenye misumari ya shaba, ambalo Baba hakuruhusu mtoto yeyote alikalie, kwa sababu “limetoka Nashik”. Wa miguu ni watumwa watoro. Walitoka mashambani Takaungu, Malindi, Mombasa, wakaja hapa kujificha. Baba hajawahi kuwasema vibaya. Hajawahi kuwasema kabisa.

“Babako alikwambia.” Nimeirudia sentensi hii kwenye matatu kutoka Mazeras hadi mjini, na foleni ya Changamwe mnaijua. Hakusema amenidanganya. Angesema hivyo ningekasirika, yakaisha. Alisema kama mtu anayejibu mtoto aliyeambiwa mvua inatengenezwa na bibi yake angani.

Jumatano nikampigia shangazi. Alicheka mpaka akaanza kukohoa.

“Lile sanduku? Babu yako alilinunua mnadani, kwa Mhindi aliyekuwa anahama. Mimi mwenyewe nilishika upande mmoja kulishusha.”

“Sasa mbona hamkusema, shangazi?”

“Tuseme kwa nani? Babako alishaezeka nyumba, wewe unataka tung’oe msingi?”

Nililala na hasira. Nashinda na meli kutwa, nazijua zinafunga gati gani na zimechelewa kwa nini, na siku zote nilikuwa na kaupendeleo ka kijinga kwamba meli ni mambo ya ukoo wetu.

Alhamisi usiku, sijui ilitoka wapi, nikaanza kucheka. Nilikuwa napitia tena ile karatasi, kwenye aya ya William Jones niliyoisoma Jumapili kwa mbio maana jua lilikuwa limeshakuwa kali. Jones alikuwa wa meli hasa, wa Nashik. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimfanya shemasi pamoja na Ishmael Semler, na mwaka uleule askofu na Jones wakaondoka kwenda Uganda. Askofu akauawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha waliosalia mpaka hapa Rabai, mbele wana bendera ya buluu imeandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Lakini kabla na baada ya safari hiyo, huyuhuyu alikuwa anapokea watoro. Misheni ilikwisha kuwaahidi mabwana wa Mombasa kwamba haitawahifadhi, na mabwana walikuwa wakitishia kuja kuwachukua kwa silaha. Watu wakazidi kuja, wakajenga, wakalima. Hata Januari 1, 1889, kampuni ya Waingereza ilipokuwa imewalipa mabwana fidia, hati za uhuru zilizotolewa kwa watoro wa misheni za huku zilipita elfu moja.

Kwa hiyo kuna mtu wetu ambaye hakuna manowari iliyomkuta. Aliamka usiku kwenye shamba la mtu, akaacha kila kitu, akapita vichakani na chui wa wakati ule, kwa sababu alisikia tu kwamba juu kule Rabai kuna watu hawarudishi. Mimi umeme ukikatika naogopa kwenda chooni.

Najijua, mwezi ujao nitakuwa najivunia miguu kuliko nilivyojivunia meli. Ndiyo maana namkumbuka Mringe, wa kwanza kabisa kubatizwa huku, kabla ya Freretown. Alikuwa mlemavu, alifariki punde tu baada ya ubatizo. Hakuja kwa meli wala kwa miguu. Alikuwa hapahapa.

Mzee wa kanisa anataka maandishi yangu akapige chapa. Ile sentensi ya meli nimeifuta, nyingine sijaandika.

Baba sijamwambia. Na hali yake tangu Pasaka mnaijua. Ananiuliza kila jioni kama kweli watu walipiga makofi, namwambia walipiga sana. Anaangalia sanduku.

Sasa huu mnazi. Umezidi kuinama upande wa jiko la jirani, na mkwezi wetu kaja, kautazama, kausukuma kwa kiganja, kasema yeye hapandi, tutafute mwingine. Nimeuliza Ribe, nimeuliza Kaloleni, wote wanataka hela ambayo kwa mwezi huu sina. Na tangu juzi upepo umegeuka.