Chuo Kisichokunywa Kahawa

Jumanne ya tarehe 10 Desemba 2024 AJ Dybantsa, kijana wa mpira wa kikapu, alitangaza kwenye kipindi cha runinga ya Marekani kwamba atachezea Brigham Young, chuo wanachokiita BYU, kule Provo, Utah. Kwa saa zetu kipindi kile kilianza saa kumi na mbili jioni. Wanaume walipotoka kuswali magharibi, mpwa wangu alikuwa keshakaa kwenye baraza la duka langu hapa Shela, Malindi, simu ameilaza kifudifudi pajani, hasemi na mtu.

"Shangazi, ametukimbia," akaniambia.

Ametukimbia sisi, yaani Kansas, chuo kingine cha Marekani anachokishabikia. Mtoto hajavuka hata Voi.

Kwa msiomfuatilia: Dybantsa wakati ule alikuwa na miaka 17, urefu wake kama mita 2 na sentimita 6, na wanaowapanga wachezaji wa shule za sekondari huko kwao walimweka namba moja katika kundi la kuingia vyuoni 2025. Kwao ni Brockton, Massachusetts. Baba asili yake Kongo-Brazzaville, mama Jamaika. Vyuo vinne vilibaki mlangoni: Kansas, North Carolina, Alabama na BYU. Kati ya hivyo vinne, BYU ndicho mtu angekitaja mwisho. Hakijawahi kufika nusu fainali ya mashindano makubwa ya vyuo, hata mara moja. Ndiyo maana ya makelele yote haya.

Sasa mtauliza watu wa Malindi wana nini na Kansas. Jibu limo kwenye robota la mitumba. Fulana na jezi za vyuo vya Marekani hutufikia kwa wingi, na mtu hununua kwa sababu kitambaa ni kizito na rangi haijachuja, si kwa sababu anajua kilichoandikwa kifuani. Mapenzi huja baadaye. Mpwa wangu alinunuliwa jezi ya Kansas akiwa darasa la sita, ikimfika magotini. Ilipokuja kumkaa sawasawa alikuwa ameshajua kila kitu: kwamba James Naismith, aliyeubuni mpira wa kikapu mwaka 1891, ndiye aliyekuwa kocha wao wa kwanza; kwamba ubingwa wa mwisho ni wa 2022; na kadhalika mpaka umwambie basi. Nikitaka kumkera humkumbusha kwamba huyo huyo Naismith ndiye kocha pekee wa Kansas aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Hapendi.

Fundi wa boti yeye ana kofia ya North Carolina, ile buluu ya mbingu, na tangu aambiwe kwamba Michael Jordan alisoma hapo haivui ila kwa kuswali. Alabama kwetu haina mwenyewe. Na fulana ya BYU, miaka yote ninayopekua marobota, sijapata kuiona.

Kwa hiyo jioni ile baraza lilikuwa na majeruhi wawili. Wengine walikaa kuwatazama tu. Muuza kahawa alifika na dele lake, akaweka chini, akaanza kusuuza finjani kwenye ndoo yake ndogo kama kawaida, akauliza msiba ni wa nani. Nikamweleza. Nikafanya na uchokozi kidogo, nikamwambia chuo alichokwenda mtoto huyo ni cha kanisa la Wamormoni, na mwanafunzi akiingia hutia sahihi kwamba hatakunywa kahawa.

Mkono ukasimama ndani ya ndoo.

"Hatakunywa kahawa?"

"Hatakunywa."

"Chai je?"

"Wala chai."

"Sasa asubuhi huamkaje?"

Nikamwambia kuna maziwa, kuna maji, kuna soda. Akaitoa ile finjani, akaikung'uta, akaitazama. "Basi hao pesa watakazompa ni haki yake," akasema, akanimiminia.

Aliyefurahi ni mwalimu wa madrasa, ambaye mpira hajui hata kikapu kimoja kina pointi ngapi. Nilipoendelea kuwahesabia kanuni za chuo hicho, pombe marufuku, sigara marufuku, zinaa marufuku, alikuwa akiitikia kwa kichwa, naona kabisa moyoni anatafuta namna ya kumpeleka kijana wake. Nikaongeza kwamba Jumapili hawachezi hata dunia igeuke, na mashindano ya taifa hupangwa upya kwa ajili yao. Akasema, mashaallah, watu wenye msimamo. Nikamwambia na ndevu lazima mwanamume anyoe. Hapo akageuka akamuuliza jirani yake habari za bei ya vitunguu.

Wala si kanuni za kubandika ukutani tu. Mwaka 2011 BYU walikuwa na nyota wao Jimmer Fredette, timu imeorodheshwa ya 3 nchi nzima, msimu unaelekea ukingoni. Mmoja wa wachezaji wao wakubwa akavunja kanuni, wakamsimamisha msimu uliobaki, potelea mbali ubingwa. Unaweza usiwapende kwa hilo, lakini huwezi ukasema wanafanya mzaha.

Kisha likaja la pesa, kama lilivyokuja kila pahali. Magazeti ya Marekani yalisema atalipwa dola milioni 5, mengine milioni 7. Milioni 7 kwa shilingi yetu ilikuwa kama milioni 900. Fundi wa boti akasema kijana amejiuza. Mpwa wangu naye akadakia, kafuata hela, hana mapenzi na mpira. Ndipo na mimi nikafunga daftari la M-Pesa nikatoka nje, maana hapo walinigusa.

Kwanza, kabla ya Julai 2021 mchezaji wa chuo Marekani hakuruhusiwa kulipwa hata senti kwa jina lake wala sura yake, huku runinga zikimwaga mabilioni na jezi zinauzwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyesema kwamba vyuo vimejiuza. Pili, fundi, wewe mwezi uliopita watu wawili walikuwa wanaitaka boti moja, ukampa nani? Akanyamaza, akaivuta kofia ya North Carolina ikamfunika macho.

Mimi naona mambo haya ni posa hasa. Wachumba wanne wamekuja, wamekaribishwa, wamekula, wamesema maneno mazuri, na mmoja amekubaliwa mbele ya kadamnasi. Waliobaki wanapotoka mlangoni ndipo unaposikia kwamba msichana mwenyewe si mzuri kiasi hicho, na kwamba mahari ndiyo iliyowashinda. Jana alikuwa mwezi wa kumi na nne. Mpwa wangu huyo huyo, mwezi wa Novemba, alinionyesha video zake akaapa kwamba duniani hajaona kijana wa kuruka namna ile akatua bila kishindo. Sasa ati hana mtupo wa mbali wa kutegemewa.

Wanalolipita mbio ni kocha. Kevin Young alikuwa kocha msaidizi wa Phoenix Suns, timu ya NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mpaka Aprili 2024, alipochukuliwa na BYU, akajizungushia watu waliofanya kazi NBA. Dybantsa mwenyewe haja yake aliisema wazi, ni kujiandaa kwa NBA. Na sheria ya ligi ile inadai mchezaji awe na miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita tangu wenzake wamalize sekondari. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa akae Provo msimu mmoja, kisha apande. Mtu anayetafuta pa kukaa msimu mmoja haendi kuangalia picha za mabingwa wa zamani zilizotundikwa ukutani. Anaangalia nani atakuwa naye kiwanjani asubuhi.

Nasema hivi kwa kuwa nimecheza. Sikucheza pakubwa, ni timu ya shule tu, kwenye kiwanja cha saruji chenye ringi zilizoliwa na chumvi ya bahari, nyavu hazipo. Tuliwahi kuwa na mwalimu aliyechora nyayo kwa chaki pale chini, kulia, kushoto, kulia, akatuambia tukanyage humo humo na mpira mkononi mpaka chaki ifutike. Ikifutika anachora upya. Wiki nzima hatukurusha mpira hata mmoja kikapuni na tulimchukia sana. Muhula uliofuata shule zilizokuwa zikitufunga kwa pointi ishirini zilianza kututafuta kwa macho. Mwalimu mmoja. Kiwanja kilikuwa kile kile, na ringi zile zile.

Katika timu ile alikuwamo mwenzetu mmoja, mrefu kutushinda sote, mkono wake mmoja unaushika mpira mzima. Alikuja bwana mmoja amevaa tai, akasema ana watu wake katika chuo Marekani, nafasi ipo, masomo bure, chakula bure. Kilichotakiwa ni ada ya fomu. Kisha ada ya kupima afya. Kisha ada ya mtu wa viza. Baba yake aliuza mazao ya minazi ya msimu mzima, akauza na ng'ombe. Tai haikuonekana tena, na namba ya simu ikawa inajibiwa na mwanamke asiyemjua. Leo mwenzetu ana biashara yake sokoni na watoto wake, mzima wa afya, tunacheka vizuri. Ila nikitaja basketi hubadilisha mazungumzo.

Ndiyo maana mimi, katika habari yote hii ya Dybantsa, ninayemtazama ni yule baba. Mtu katoka Kongo-Brazzaville, kakaa na makocha wakubwa wa Marekani, kasikiliza kila mtu, na hakuna aliyemuuzia fomu. Vyuo ndivyo vilivyoleta karatasi zao. Wenye kununa na wanune.

Msinielewe vibaya, kila mtu hapati mlango huo. Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, msimu wa 2024/25 alikuwa chuo cha Duke, na sisi huku tulianza kumpenda Julai 2024, Sudan Kusini walipofungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, pale London. Yeye alikuwa kule kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo ilimbana mno katika kujipatia pesa za matangazo akiwa kwenye ardhi ya Marekani. Dybantsa kazaliwa huko, hakuwa na kizuizi hicho. Vijana wawili, wote damu ya huku kwetu, wanarusha mpira ule ule, na mmoja wao ilikuwa lazima aende na mwanasheria mpaka kwenye tangazo la viatu. Hilo ndilo ningelitolea povu kama ningekuwa na povu la kutoa.

Basi. Mpwa wangu baadaye alipoa. Alikumbuka kwamba Kansas walikuwa wameshampata Darryn Peterson, kijana wa kundi lile lile, aliyewakubali tangu tarehe 1 Novemba, na wako waliosema huyo ndiye bora kuliko Dybantsa. Kansas na BYU wote wamo Big 12, ligi moja ya vyuo, kwa hiyo msimu wa 2025/26 ilikuwa lazima wakutane. Mechi za usiku za Provo kwetu huanza alfajiri, na nikasema duka litafunguliwa wakati huo, mwenye kutaka kutazama aje na bando lake kwa sababu langu sigawi.

Mimi nikachukua BYU rasmi. Tukawekeana ahadi, si kamari, mwalimu tafadhali usinihubirie: Kansas wakishinda namnunulia viatu vipya vya kuchezea, na si vya mtumba. BYU wakishinda ananioshea vyombo vya futari Ramadhani nzima, pamoja na sufuria la uji.