Koti, shati na vumbi la Goma
Baba, aliyeanza kazi enzi za Zaire, wakati abakosti, koti la kiume lisilovaliwa na tai, ilikuwa imechukua nafasi ya suti na tai hadi mwaka 1990, alicheka nilipomwambia kwamba nitakwenda kwenye usaili wa kazi bila tai. Nilivaa suruali ya kitambaa, shati jeupe la mikono mirefu na koti la mitumba kutoka soko la Virunga, ambalo fundi alilipunguza mabegani. Shida yetu hasa ni viatu: vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo hupanda nawe kwenye pikipiki, na kiatu kilichong'arishwa alfajiri hufika kikiwa kijivu. Kwa hiyo nilibeba kitambaa mfukoni, nikavifuta langoni kabla mlinzi hajaniuliza jina.