Jumapili bila karatasi, Mikindani

Leo, hapa Mikindani mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, hakuna darasa wala kwenda vijijini kuhoji watu. Nimelala hadi jua limepanda, na nilipotoka uani Bibi mwenye nyumba alikuwa ameshachemsha ming'oko. Kwa wasioijua, ni mizizi myembamba ya porini. Huchimbwa, ikachemshwa, ikamenywa kwa vidole. Nimeipenda kuliko mhogo, na mhogo wa Kwale, kwetu Kenya, nausifu popote niendapo.

Katika kozi yetu ya masomo ya wanawake tunajaza karatasi za saa. Tunamuuliza mama ameamka lini, maji amechota kwa muda gani, amepika, amelima. Kupumzika hakuna safu yake, kumetiwa kwenye "mengineyo". Leo sina karatasi mkononi, na ndipo neno hilo linanikera.

Baada ya adhuhuri Bibi alitandika mkeka chini ya mwembe, akajifunika mtandio usoni, akalala usingizi wa kukoroma. Mume wa binti yake alikuja na njaa yake. Akauliza kwa kunong'ona chakula kiko wapi, mtoto akamwonyesha sufuria, akajipakulia. Hakuna aliyemwamsha Bibi.

Mama yangu sijawahi kumwona amelala mchana. Aliolewa akaja kukaa kwa wakwe zake, na hata siku ya homa, hodi ikipigwa, aliinuka haraka akashika ufagio. Nimemkumbuka hadi machozi yakanilenga.

Bibi ni Mmakonde. Kwa Wamakonde, kama kwa Wayao, Wamakua na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa kina mke. Nyumba hii ilikuwa ya mama yake Bibi, sasa ni yake, na mikorosho ya kule nyuma vilevile. Sisemi wanawake wa kusini wamemaliza shida; Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa, ilitungwa kwa Tanzania Bara yote, Mtwara ikiwemo. Lakini anayelala kwake halali kama anayelala kwa watu.

Darasani tumesoma kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambapo mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Kenya tuliliandika jambo hilo katika sheria ya mali ya ndoa ya 2013. Ninashukuru kwa yote mawili. Ila kazi ndiyo iliyohesabiwa, usingizi bado.

Alasiri aliniita. "Njoo nikusuke, mjukuu wangu, kichwa hicho kimekaa vibaya." Nikakaa katikati ya magoti yake, nikamuuliza kama haoni haya watu kumkuta amelala.

"Haya ya nini? Waone haya wao, wamenikuta kwangu."

Kesho nitamwomba mwalimu tuongeze safu ya mapumziko katika karatasi zetu, na juu kabisa, kabla ya saa ya kuamka, tuweke swali moja: nyumba hii ni ya nani? Bibi amekubali kuwa wa kwanza kujibu. Wa pili nitampigia simu mama.