Transista za redio ya babu
Mikindani, Novemba, usiku

Leo kisanduku changu cha kukwaruza sauti ya gita kimelia sawasawa. Wiki tatu nimehangaika nacho. Ncha za vidole zimeungua kwa solda mpaka nikikandamiza nyuzi za gita nasikia maumivu, lakini kimelia.

Nilikuwa naitafuta ile sauti ya gita iliyovimba, inayokwaruza, inayobaki hewani hata mkono ukishatoka kwenye nyuzi. Wapigaji wanaiita fazi. Saketi niliyoifuata ni ya Fuzz Face, pedali, yaani kisanduku cha sauti kinachokanyagwa kwa mguu, iliyoanza kuuzwa London mwaka 1966 na mpiga gita Jimi Hendrix akaisambaza masikioni mwa dunia. Ndani yake hamna mengi: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu, volyumu mbili, betri ya volti 9. Transista zinakuza mawimbi ya gita mpaka yanataka kupita kimo cha betri, basi vichwa vyake vinakatwa. Kule kukatwa ndiko kunakozaa fazi.

Vitu vingi nilivipata mjini Mtwara kwa fundi redio, kwenye boksi lake la mabaki. Transista za jemaniamu, aina ya zamani niliyoitaka kwa saketi hii, hakuwa nazo. "Mdogo wangu, hizo zimo kwenye redio za wazee," akaniambia.

Redio ya babu, ya Kijapani, bado ilikuwa juu ya kabati la bibi, imefunikwa kitambaa.

"Mjukuu wangu, utaiua redio ya babu yako."

"Ilishakufa, bibi."

Alinyamaza muda mrefu. Siku ya pili akaishusha mwenyewe, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga, akaniwekea mapajani. Sikuweza kuifungua mbele yake. Nilisubiri aingie jikoni.

Transista zile ni za aina iitwayo PNP, kwa hiyo chanya ya betri ndiyo inayokwenda kwenye ardhi ya saketi, yaani bati la kisanduku, hasi ndiyo inayolisha saketi. Nilifunga kinyume, kisanduku kikakaa kimya, na siku nzima niliamini nimeziua transista za babu. Siku mbaya sana ile.

Halafu likaja suala la joto. Alfajiri sauti inatoka nene, laini. Alasiri inakatikakatika kama mtu mwenye kwikwi. Nikapima kwa mita kwenye kolekta, mguu mmojawapo wa transista ya pili, ambapo panatakiwa nusu ya betri, kama volti 4.5. Mchana palikuwa pamehama kabisa. Jemaniamu huvujisha umeme zaidi kadiri joto linavyopanda, na Novemba ya huku kwetu, kabla mvua haijashuka, bati la nyumba lenyewe linalia. Fundi alinishauri niweke za silikoni, zisizosumbuliwa hivyo na joto. Ushauri mzuri, na pedali za silikoni zina wapenzi wake. Mimi sikutaka. Nilitoa rezista moja, nikaweka kivolyumu kidogo cha kuzungushwa kwa bisibisi, nikakirekebisha leo saa nane mchana, mita mkononi, mpaka ikasoma 4.5. Saketi iliyozaliwa kwenye baridi ya London sasa imepimwa kwa jua la Mikindani.

Vyote nimevifungia kwenye kopo la biskuti. Lazima liwe la bati, maana bati likiunganishwa na ardhi ya saketi linazuia ule mngurumo wa umeme wa nyumbani.

Jioni nilipiga barazani kwa sauti ya chini. Bibi aliacha kupepeta mchele.

"Inalia kama redio ya babu yako betri zikichoka."

Ni kweli kabisa. Babu alikuwa akizitoa betri zile, anazianika juani juu ya ungo, zipate nguvu kidogo za kumfikisha kwenye taarifa ya habari ya saa mbili ya RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Mikwaruzo aliyokuwa anaifukuza ndiyo hii niliyoitafuta wiki tatu, kwa transista zake zilezile. Na wapo wapigaji wengi wanaoipenda fazi zaidi betri ikiwa imechoka. Kesho nitajaribu.

Bibi akasogeza ungo pembeni, akaniambia nipige tena.