Ubeti ndani ya daladala: mradi umefika hapa

Machi
Ruhusa ya kwanza ya kubandika ubeti wa shairi ndani ya gari imepatikana: Kosta mbili za Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Dereva na konda walikubali siku ileile, lakini wao wanapeleka hesabu tu. Gari ni la tajiri, na kwenye gari la mtu hubandiki kitu bila neno lake. Aliniuliza swali moja: "Hamna siasa humo?" Nikamsomea ubeti, akaniambia nibandike.

London walianza 1986, mwandishi Judith Chernaik na washairi Gerard Benson na Cicely Herbert walipoweka mashairi kwenye nafasi za matangazo ndani ya treni za chini ya ardhi. New York wakafuata 1992. Kwetu naona sababu ni kubwa zaidi. Jiji hili limewahi kuwa na meya mshairi, Sheikh Kaluta Amri Abedi, na tarbia yetu inaenea kabisa kati ya kituo na kituo: mistari minne, mizani (yaani silabi) 16 kila mstari. Ukishuka Tazara unao kichwani.

Aprili
Nyuma ya kiti cha dereva wanaona watu wa mbele tu. Juu ya madirisha ndipo penyewe, maana aliyesimama ameshika bomba uso wake unaelekea palepale, na asubuhi waliosimama ndio wengi. Nimechapa stika ya plastiki kwa sababu magari yanaoshwa kila mara. Ubeti ni huu:

Foleni imetushika, jua kali dirishani,
Mama mmoja katoka, na kapu lake sokoni,
Kijana akainuka, akampisha kitini,
Kituoni tutafika, tusiwe na kisirani.

Chini yake nimeweka namba ya simu.

Juni
Konda mmoja ameuchukua mstari wa mwisho. Watu wakianza kugombania chenji anawaimbia, "Kituoni tutafika, tusiwe na kisirani!" na gari zima linamalizia naye.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni meseji. Watu wanajibu kwa vina! Ushairi wetu siku zote umekuwa wa kujibizana. Muyaka bin Haji alilumbana na washairi wenzake Mombasa karne ya 19, na huyo ndiye nitakayembandika baadaye. Washairi walio hai nao nawataka, ila hao lazima walipwe kwanza, kwa hiyo natafuta mfadhili.

Jibu nililolipenda zaidi limetoka kwa bibi mmoja anayepandia Ukonga:

Huyo aliyeinuka, mbona mimi simuoni?
Bibi yenu nimechoka, vijana mko simuni!

Mizani imetimia, vina vimekaa, na hoja ni ya kweli. Nimempigia kumwomba mistari miwili iliyobaki. Amesema, "Subiri mwanangu, nikitoka kliniki." Stika yake itakaa upande wa pili wa gari, mkabala na yangu. Tajiri ameshakubali.