Ndani ya chumba kilichowasha vita ya miaka 30

Leo hatimaye nimeingia kwenye kile chumba cha Kasri la Prague nilichokisoma miaka nenda rudi. Dirisha liko juu kweli, ukichungulia chini kichwa kinazunguka. Tarehe 23 Mei 1618 wakuu wa Kiprotestanti wa Bohemia (sehemu ya Czech ya leo) waliwarusha nje kutoka hapa magavana wawili Wakatoliki, Slavata na Martinic, pamoja na karani wao, Fabricius. Wote watatu walipona! Wakatoliki wakasema Bikira Maria kawadaka. Waprotestanti wakasema waliangukia samadi.

Vita ya Miaka 30 iliyofuata, ikaenea hadi Ujerumani, wengi huiita vita ya dini, basi. Dini ilikuwepo, tena sana: mwaka 1609 Kaisari Rudolf II, mtawala wa Dola Takatifu ya Kirumi na wa Bohemia, aliwapa Waprotestanti hati ya uhuru wa kuabudu, kisha baadaye kanisa lao la Klostergrab likabomolewa na la Braunau likafungwa. Lakini mabwana wale walipigania pia madaraka yao, maana walimwona mfalme wao Mkatoliki, Ferdinand wa ukoo wa Habsburg, anawapokonya. Mwaka 1619 wakamvua ufalme, wakampa Frederick wa Palatinate, jimbo la Ujerumani, Mprotestanti wa madhehebu ya Calvin.

Kinachoniuma zaidi ni Ufaransa. Nchi ya Kikatoliki, chini ya Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme, iliwapa fedha Waswidi Waprotestanti wapigane na Kaisari Mkatoliki, na mwaka 1635 ikaingia vitani yenyewe. Huku wanakijiji wa Ujerumani wanakufa kwa njaa na tauni.

Kesho asubuhi naenda Uwanja wa Mji Mkongwe, walikouawa viongozi 27 wa uasi ule Juni 1621.