Saa moja jioni: vibanda vya usiku vilivyozimika Mombasa

Kafyu ya kuzuia korona ilianza Kenya Ijumaa, tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwenye duka la vitambaa alipunguziwa saa kidogo tu. Mwenye jiko la mishkaki Mji wa Kale alinyang'anywa siku nzima ya kazi, maana siku yake huanza watu wakitoka Maghrib. Mwezi wa Mei jua la Mombasa huzama kama saa kumi na mbili na robo. Toa muda wa swala, toa muda wa kufunga na kurudi nyumbani, uone kinachobaki.

Anayeuliza kwa nini hawakuanza mapema hajui jiko lile linavyokwenda. Kilo 1 ya steki, ikikatwa vipande vya sentimita 2 na kutungwa vinne au vitano kwa kijiti, hutoa mishkaki kama 25. Nyama huungwa mchana kwa thomu, tangawizi, ukwaju na papai bichi lililopondwa, kijiko 1 cha mezani kwa kilo. Papai hulainisha, lakini likikaa muda mrefu mno nyama hulegea juu kama uji na kudondoka kwenye makaa. Kwa hivyo iliyoungwa leo haingoji kesho. Makaa nayo yanataka nusu saa mpaka yavae jivu jeupe. Ukibandika kabla, nyama inaungua nje na ndani ni mbichi. Tena debe la makaa ni lile lile, uuze vijiti 20 au 200. Na mteja wa mishkaki hapatikani alasiri, jua bado kali na watu wako kazini.

Halafu ikaingia Ramadhani. Kina mama wa vitafunio vya kufuturia, kaimati, sambusa na vibibi, walikuwa na nafuu, kwa kuwa wao huuza toka alasiri mpaka adhana. Lakini tarehe 6 Mei serikali ikafunga Mji wa Kale: hakuna kuingia, hakuna kutoka, mikahawa yote ifungwe. Amri hiyo ilidumu mpaka tarehe 6 Juni, ikameza kumi la mwisho na Idi yenyewe, siku ambazo muuzaji huweka akiba ya miezi ya mvua. Wateja wa Likoni, Kisauni na Changamwe wakabaki ng'ambo.

Kwingineko mjini waliambiwa wauze chakula cha kubeba. Kwa biriani hilo linawezekana. Kiazi cha karai, kilichovikwa unga na kukaangwa, hakibebeki: ukikifunga kikiwa moto, mvuke wake unalowesha ganda, na kabla ya robo saa limeshakuwa kama mkate uliomwagikiwa maji. Ukwaju na chatini ya nazi humwagwa pale pale, mtu anakula amesimama. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya toka Agosti 2017, kwa hivyo mchuzi ulihitaji kikopo chenye kifuniko, na kikopo ni gharama ambayo sahani ya viazi haiwezi kuibeba.

Muuza kahawa ndiye ninayemlilia zaidi. Vyombo vyake ni dele, yaani birika la shaba lenye makaa chini, finjani chache za kugonganisha mkononi, na ndoo ya maji ya kusuuzia. Finjani moja hupita midomo mingi kwa jioni moja. Sitasema waliomzuia walikosea, kwa maana ugonjwa ulikuwa ukipita humo humo. Lakini kikombe cha karatasi hakikuwa dawa: ni kikubwa, kahawa ya mafunda matatu inapoa chini yake, na bei yake inakula faida. Na baraza za mbele ya nyumba zikiwa tupu, amuuzie nani?

Nafuu za serikali ziliwapita kando. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilishuka toka asilimia 16 hadi 14, kodi ya mauzo toka 3 hadi 1. Ni hatua njema kwa aliyesajiliwa. Mwenye meza ya mbao hakuwa na cha kupunguziwa. Kilichomfikia ni M-Pesa bila ada kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, mpaka mwisho wa 2020.

Kafyu ilisogezwa hadi saa tatu, kisha saa tano, ikarudi saa nne, ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Karibu miezi 19. Mtaji wa kibanda ni mauzo ya jana: ndiyo yanayonunua nyama ya leo, na bucha humalizia kwa kauli, yaani kwa mkopo. Mnyororo ukikatika wiki mbili, mtaji umeliwa nyumbani na deni la bucha limebaki. Friji huuzwa kwanza, karai mwisho. Kijana wa jiko, anayejua moto kwa kuupitishia kiganja, yuko kwenye bodaboda. Na nafasi ya barazani ni ya anayeonekana kila siku; ukikosekana, mwingine ameweka meza.

Tulio nao bado wazee wa biashara hizi, tuandike sasa. Usimuulize mtu vipimo, atakwambia "kiasi". Pima gunia lake la unga kwa mizani, mwache achote kama alivyozoea, kisha pima lililobaki. Andika karai lilikuwa la upana gani, mafuta yalifika wapi, viazi vilichujwa muda gani kabla ya kuchovywa, maana kiazi chenye maji hutupa ganda lake karaini. Andika saa ya kuwasha moto na saa ya kuzima, bucha ilikuwa mtaa gani, ukwaju ulinunuliwa soko la Marikiti au la Kongowea. Chora mahali meza ilipokaa, ukitaja mlango wa jirani na msikiti ulio karibu.